Magoti ya Chinami na Kamba ya Mama

Himi, Toyama
Jumapili, 12 Oktoba

Dada, Chinami wetu amechaguliwa timu ya taifa ya vijana ya mpira wa mikono. Ya taifa, siyo ya mkoa. Atavaa jezi yenye bendera kifuani, namba kumi na moja, na mechi ya kwanza ni dhidi ya wasichana wa Korea, hapa hapa mkoani kwetu, mwezi ujao.

Haya, sasa naweza kukusalimu.

Mpendwa Dada Fumie,

Najua unasoma huku unatikisa kichwa kwamba Sanae hata barua hajui kuianza. Mwalimu wetu alitufundisha tuanze na majira, basi majira ni haya: matunda ya kaki yameiva kwenye mti wa jirani mpaka matawi yameinama, na asubuhi sakafu ni ya baridi, huwezi kukanyaga bila soksi. Huko Kushiro nadhani mmeshawasha jiko la mafuta ya taa. Presha yako vipi? Unameza dawa au unameza siku unayokumbuka? Na Shemeji, ule mgongo wake umetulia? Mwambie aache kubeba magunia, ana wana wawili wenye mabega.

Sisi hatujambo. Baba Chinami anaendelea kushona mikeka yake ya tatami, na akiinuka magoti yanalia kama mlango wa ghala, lakini hujawahi kumsikia analalamika. Mimi bado niko jikoni pale shule ya msingi. Watoto mia tatu na ishirini, Dada, na siku nisipoionja mimi ile supu ya miso, mabakuli yanarudi yamejaa. Sijisifu, muulize mpishi mkuu. Viazi ulivyotutumia vimefika vyote salama, nimevipika na nyama, Chinami amekula mabakuli matatu na kuomba la nne.

Nirudi kwake, maana najua ndizo habari unazotaka kusikia. Ukimwona sasa hutamjua. Mita moja na sentimita sabini na nne, na kwetu hatuna mtu mrefu hivyo, wala kwa akina baba yake. Akiruka kurusha mpira, anakaa hewani kama amesahau kushuka. Kipa anaruka, kipa anashuka, na Chinami bado yuko juu anachagua kona. Wamechaguliwa wasichana kumi na sita nchi nzima, na kutoka mkoa wetu ni yeye peke yake. Kocha alipokuja nyumbani kunipa habari nilimwambia aingie, akakataa, akakaa pale pale mlangoni, akaikataa chai mara mbili, mara ya tatu akanywa vikombe viwili. Majirani wote waliliona gari lake. Nilihakikisha wameliona.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha, maana kwa simu nikianza nalia, na wewe ukinisikia nalia unalia, halafu hatuelewani.

Mwezi wa sita, rafiki yake Chinami anayeitwa Riko, wa timu yao ya shule, aliumia goti. Nilikuwa jukwaani nakata matikiti maji ya mapumziko. Hakusukumwa, Dada. Hakuna aliyemgusa. Aliruka, akashuka, akageuka kidogo ili akimbie, na nikasikia mlio mdogo tu, kama kijiti cha kulia wali kimevunjwa chumba cha pili. Kisha akakaa chini na kulishika goti kwa mikono miwili, na mama yake akaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, eti huo mlio umetoka wapi. Kumbe ni ile kano ya katikati ya goti, inayoushika mfupa wa paja usiteleze juu ya muundi. Ilikatika yote. Amepasuliwa, ameshonewa nyingine, na mpira ni mpaka mwakani, kama atarudi.

Tangu siku ile nilikuwa nasema moyoni, afadhali wangu ni mzima. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Basi mwisho wa mwezi wa nane wasichana wote waliokuwa wanafikiriwa kwa timu ya taifa waliitwa chuo kikuu fulani mjini, wakapimwe wanavyoruka na kutua. Wazazi tukaruhusiwa kutazama. Walimbandikia Chinami vidoti vinavyong'aa, kama shanga, kiunoni, mapajani, magotini, vifundoni. Kamera zimejaa kuta zote. Sakafuni pana bamba la chuma linalopima kishindo. Wanapanda kisanduku kifupi, wanashuka kwa miguu miwili, na papo hapo wanaruka juu kadiri wawezavyo. Wasichana wengine walikuwa wanatua miguu imeachana kama wabeba mizigo wa sokoni. Nikawaonea huruma mama zao. Alipofika Chinami, akashuka nadhifu, magoti yamebusiana, mikono imetulia, akaruka. Juu kuliko wote.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Niigata kando yangu. Nikamwambia, "Mtazame wangu. Hata akishuka kutoka juu anafunga magoti. Nimemfundisha mwenyewe tangu ana miaka minne." Yule mama akaitikia kwa kichwa, akasema ni malezi mazuri. Nikafurahi mpaka nikampa kaki kavu mbili.

Baadaye daktari akatuita chumbani, mimi na Chinami. Anaitwa Daktari Kuze, mwanamke, kijana kuliko mimi, anaongea polepole kama anayemvalisha mtoto viatu. Akatuonyesha kwenye skrini. Chinami hakuwa na uso wala nyama, alikuwa vijiti tu vinavyoruka. Akasimamisha picha pale miguu inapogusa sakafu, akaweka kalamu kwenye magoti. Akasema hapa ndipo panaponitia wasiwasi. Goti likiingia ndani wakati mguu umeshikwa na sakafu, mfupa wa paja unajizungusha kidogo juu ya muundi, na ile kano ya katikati ndiyo inayovutwa. Tena anatua amenyooka mno, hakunji nyonga wala goti, kwa hiyo kishindo chote kinafikia pale pale. Kwa wasichana wote waliopimwa siku ile, magoti ya Chinami ndiyo yaliyoingia ndani zaidi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kano yake itakatika?"

"Sijui, mama."

"Nani anajua?"

Akaiweka kalamu chini. Akasema hakuna. Wapo wenye magoti kama haya wamecheza mpaka wamezeeka bila hata kuvimba. Wapo wanaotua vizuri kama kitabuni na imekatika. Yeye anaweza kusema hatari ni kubwa au ndogo, hawezi kusema ni nani wala ni lini.

Dada, nimezoea kuambiwa. Fundi gari ananiambia, hata mtu wa hali ya hewa ananiambia theluji itaanguka Jumatano. Huyu amesoma mpaka mwisho wa kusoma, ana mashine za nyumba nzima, na jibu lake ni hajui.

Unaikumbuka ile kamba nyekundu ya kimono ya Mama? Aliyokuwa akitufunga mapajani, juu kidogo ya magoti, tukijifunza kukaa, kuinuka na kutembea? Wewe ulikuwa unailegeza akigeuka kuangalia sufuria. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto mzuri. Basi Mama alipozeeka alinipa mimi, na mimi nikamfunga Chinami, tangu miaka minne hadi minane, kila Jumapili. Na si kukaa tu. Akiruka kamba nje, nikimwona anatua ameachia miguu, nilikuwa namwita ndani na kumwambia msichana akishuka anabana. Mtoto akatii. Akatii mpaka mwili ukazoea bila yeye kujua.

Nikamweleza Daktari Kuze yote hayo, Chinami akiwa amekaa pale anaona aibu. Daktari akacheka kidogo, kwa upole, akasema nisijibebeshe mzigo huo. Ni nyonga, ni misuli ya nyuma ya paja, ni jinsi wasichana wanavyorefuka ghafla kabla nguvu haijawafuata. Akasema wapo wasichana wa nchi za mbali waliokaa kwenye viti maisha yao yote na magoti yanaingia vilevile. Nikamshukuru. Nikainama mara tatu. Lakini njiani kwenye treni nilikuwa nayatazama magoti ya Chinami aliyesinzia, yamebana, mkoba umekaa juu yake haujatingishika, na nikajua nani aliyeyaweka hivyo.

Kabla hatujaondoka daktari alikuwa ametoa utepe mpana wa mpira, wa kijani, akamvalisha Chinami mapajani. Juu kidogo ya magoti, Dada. Pale pale alipokuwa akifunga Mama. Akamwambia, "Sasa sukuma nje. Usiruhusu ukuvute."

Basi kwa wiki sita hii ndiyo imekuwa kazi yetu kabla ya chakula cha jioni. Unakumbuka kile kidato cha mlangoni petu, unapovulia viatu? Chinami anasimama juu yake na utepe wake wa kijani, anashuka chini, anakunja, anatulia, anapanda tena. Mara arobaini. Mimi napiga magoti mbele yake na kazi yangu ni moja, kusema "ndani" kila goti linapoingia. Mwanzoni nilikuwa nasema ndani, ndani, ndani, kama saa. Siku ya tatu nilichoka, mawazo yakanihama, akashuka ameachanisha miguu, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Chinami, funga miguu, watu watasemaje?" Akanitazama. Baba yake akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nikaenda jikoni kuosha mchele uliokwisha oshwa.

Riko huwa anakuja kutazama. Ana chuma mguuni na anatembea upande. Anakaa kwenye kiti cha viatu na kumchokoza mwenzake.

"We Chinami, mbona unatua kama mtu aliyebanwa na mkojo?"

"Na wewe mbona unatembea kama bibi wa duka la tofu?"

"Bibi wa tofu ananishinda, yeye anakimbilia basi."

Wanacheka, na mimi nawapa mandazi ya maharage. Lakini siku moja Chinami alikuwa anaoga, nikabaki na Riko peke yangu, nikamuuliza kile nilichokuwa nataka kuuliza tangu mwezi wa sita. Nilitaka aniambie alikosea wapi. Nilitaka liwe kosa, Dada, lenye jina, nimkataze wangu. Akafikiri sana, yule mtoto, akasema, "Sikufanya kitu, Mama Chinami. Ulikuwa mruko ule ule wa kila siku."

Usifikiri nimekaa tu. Nimempikia supu ya gegedu za kuku kila Jumatano kwa sababu mke wa mwenye duka la samaki anasema inalainisha viungo. Nimempikia ngozi ya samaki. Nimepanda mabasi mawili kwenda kwa mungu wa miguu, nikatundika kandambili za majani pamoja na za watu wengine mia, nikamletea hirizi ndogo ya kandambili aifunge kwenye mkoba. Ameifunga. Inaning'inia pale na mimi nikiiona naona aibu, maana hata mungu mwenyewe sidhani kama anaona mpaka ndani ya goti. Daktari nilipomwambia habari ya gegedu alisema tu kwamba ni chakula kizuri.

Tulirudi chuo kikuu wiki iliyopita kupimwa tena. Na hapa nijisifu kidogo, kwa sababu kila mtu pale alisifu. Vile vijiti kwenye skrini vilishuka vimekunja vizuri, magoti yanatazama mbele, mpaka wanafunzi wa daktari wakaita wenzao waje waone. Wiki sita tu, wakasema, huyu msichana anasikia mwili wake. Nikasema kwetu tuko hivyo.

Kisha wakamkimbiza mpaka akachoka kabisa, jasho linadondoka sakafuni, wakamrudisha kwenye kisanduku. Mara ya kwanza sawa. Mara ya nne, goti la kushoto likaingia. Mara ya tano likaingia. Sikuhitaji daktari aseme, maana nimepiga magoti mbele ya goti lile wiki sita nalijua kuliko uso wangu. Akichoka, anarudi kuwa binti yangu.

Nikamsubiri Chinami aende kubadili nguo, nikamwambia daktari, "Wewe ungekuwa mama yake ungefanyaje?"

Akakunja suruali. Ana kovu kila goti, Dada, mawili, marefu. Akasema alicheza mpira wa kikapu, kano ya goti la kulia ilikatika akiwa na miaka kumi na saba, la kushoto ishirini na moja. Ndiyo maana anafanya kazi hii. Nikamuuliza mama yake alifanya nini. Akasema, "Alikuja kutazama. Mara zote mbili alikuwepo."

Jumanne barua ya timu ya taifa ikafika, na ndani yake karatasi ya ruhusa inayotaka mhuri wa mzazi. Imeandikwa kwa adabu kubwa kwamba mzazi ameelezwa hatari na amekubali. Nikauchukua mhuri wa nyumba wenye jina letu na kuuweka kwenye droo ya madhabahu ya nyumbani, chini ya picha ya Mama, nikafunga. Siku nne. Hakuna aliyeuliza. Chinami alirudi shuleni, akasema nimerudi, akavaa utepe, akashuka mara arobaini, nikahesabu, tukala.

Siku ya tatu nikamwambia mume wangu, "Baba Chinami, unasemaje?"

"Goti si langu."

"Nimekuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu." Akaendelea kuvuta uzi kwa kiwiko kama anavyofanya. Mkeka ulipokwisha akainuka, magoti yakalia, akasema hivi, "Yangu mimi yaliishia kwenye mikeka ya watu, na hakuna aliyesimama kunipigia makofi." Akatoka kwenda kupakia gari.

Jana Jumamosi mchana nikamkalisha Chinami. Nikamwambia mwanangu, ukikaa mwaka mmoja tu, ukaongeza nguvu, mwakani watakuita tena. Nilikuwa nimejipanga maneno mengi, nimeyakariri nikikoroga sufuria. Hakubishana. Ananiheshimu, huyo mtoto, hajawahi kunipandishia sauti. Akasema, "Mama, nikibaki nyumbani goti litakuwa zima. Goti zima nitalifanyia nini?"

Ningekuwa nimesoma labda ningekuwa na jibu, lakini yule daktari amesoma na hakuwa nalo.

Nikaenda kwenye droo. Nikautoa mhuri, nikabonyeza. Mhuri ukakaa upande kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye treni. Chinami akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akakunja miguu chini yake, magoti pamoja, mgongo wima, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, kama Mama alivyotufundisha, hakuna hata sentimita moja iliyokosea. Nikataka kumwambia abane. Nikataka kumwambia aachie. Nikamtazama tu utosini.

Ndiyo hali yangu. Kwa watu naringa, na nitaringa, maana ninalo la kuringia. Nimewaambia jikoni wote, nimemwambia mtu wa posta, mwenye duka la samaki amebandika jina la Chinami dirishani kati ya bei ya pweza na bei ya samaki buri. Lakini ndani niko kama mtu aliyeona glasi imeshaanza kuanguka mezani na mikono yake yote miwili imeshika sufuria.

Nikuombe jambo. Kumbukumbu ya Mama ya mwaka wa tatu ingekuwa tarehe 27 Novemba, lakini mtawa wa hekalu amesema kama ijulikanavyo, marehemu hacheleweshwi ila anaweza kuwahishwa, kwa hiyo tumeisogeza iwe siku moja kabla ya mechi, ili mpande treni mara moja tu. Tutamwombea Mama asubuhi, tutakula pamoja, na kesho yake tutakwenda uwanjani wote. Nimeshawawekea viti, safu ya tatu. Kwenye kisomo Chinami atakaa kwenye kiti kidogo, siyo chini. Shangazi wakisema, waseme. Ninakutegemea wewe uwanyamazishe.

Ile kamba nyekundu bado iko kwenye droo ya kimono. Sijui niichome, niizike, au niiache ilivyo. Nimeitoa mara mbili na mara mbili nimeirudisha. Ukija utaamua wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kuifungua.

Nisalimie sana Shemeji, na Takuma na mkewe, na mdogo wake Haruomi, mwambie Chinami ameuliza kama bado anaogopa mbwa. Baba Chinami anakusalimu, amesema mkeka wa sebuleni kwenu ni wa miaka kumi na miwili sasa, akija huko ataubadilisha bure. Riko naye anakusalimu ingawa hakujui, nimemweleza habari zako mpaka anaona kama shangazi yake. Mungu na wazee wetu wawafunike na hiyo baridi ya Kushiro, wawape usingizi mzuri, na wakushushie hiyo presha.

Goti lake linaingia akichoka, kwa hiyo mimi nazifikiria dakika kumi za mwisho tu. Nisipokuwa na mkono wa kushika nitafumba macho, na sitaki kufumba macho. Sitaki baadaye mtu aniambie jinsi alivyoruka. Kaa kulia kwangu.

Ni mimi mdogo wako, mtoto mzuri wa Mama, nikupendaye toka tukifungwa kamba moja,

Sanae

Hekaluni kwa Mama ni Jumamosi tarehe 22 Novemba, saa nne asubuhi. Uwanjani ni Jumapili tarehe 23, saa saba mchana. Njooni wote.